Mponda Kokoto wa Kaliua Asiyeweza Kusimama

Asubuhi, jua halijawa kali, Hilari Lugembe ameketi ndani ya kibanda cha nyasi kando ya reli ya Kaliua, akiponda kokoto. Mkewe, Benedikta, anamlowesha mgongo kwa kitambaa. Hilari hatoki jasho tena; joto likimpata, mwili unachemka kama chungu.

"Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani," anasema. "Mimi, kutoka mkekani hadi mlangoni ni safari."

Hilari alikuja hapa kufanya kazi ya reli baada ya Vita vya Pili vya Dunia, reli ya Mpanda ilipokuwa ikijengwa. Mwaka juzi aliinama kung'oa taruma bovu chini ya reli, akainuka, dunia ikawa giza, akaanguka kifudifudi juu ya chuma. Ikawa kila akisimama anaanguka. Mnyapara wake, Eustace, akamnusa mdomo.

"Mzee, sijaonja kitu," Hilari alimwambia.

"Basi umelogwa. Siwezi kumweka mtu anayelala kazini."

Akaachishwa kazi. Waganga wakala mbuzi wote wa Hilari na mkewe. Kanisani aliposimama Injili ikisomwa, alianguka mbele ya waumini. Tangu siku hiyo wapo wanaomwita mlevi.

Mwishowe daktari mmoja wa Tabora alimpima msukumo wa damu akiwa amelala, kisha amesimama, akatikisa kichwa. "Ipo mishipa ya fahamu inayoendesha mwili bila wewe kuiamuru," alimweleza kupitia mkalimani. "Inapandisha damu kichwani, inatoa jasho, inazuia mkojo. Yako inakufa. Dawa sina."

Benedikta humfunga miguu kwa vitambaa, toka vifundoni hadi mapajani, damu isishuke. Vitambaa hivyo vinamsaidia kufika msalani tu. Siku hizi mkojo nao unamtoka bila taarifa.

"Namfulia kabla watoto hawajaamka," Benedikta ananong'ona.

Hilari amesikia. Nyundo inasimama.

"Ningekatwa mguu, watu wangeuona," anasema. "Huu ugonjwa unanila kwa ndani, na mimi naonekana mzima."

Hospitalini hana analolitarajia tena. Pamba ikishavunwa, anataka kupandishwa treni hadi Tabora, kisha lori hadi Nzega, kwa mama yake, ambaye alimuaga yeye Hilari akiwa kijana wa kubeba magunia. Mama hajui lolote.

"Nataka anione nimeketi, nimwamkie shikamoo kama mtu," anasema. "Nikichelewa, nitapelekwa nimelala."

Anaiokota nyundo.