Karantini Nyuma ya Hoteli ya Mzee Kombo

Uongo! Chupi nilikuwa nimevaa. Nani kakwambia nilikuwa uchi? Huyo aliyekusimulia, kama kweli alikuwepo pale sokoni Mlandege Ijumaa ile, mwambie aje anitazame usoni aseme chupi ilikuwa ya rangi gani. Hawezi. Ilikuwa ya kijani. Aibu nilipata, sikatai, aibu ya kutosha ukoo mzima mpaka kwetu Tukuyu, lakini aibu yangu naitaka hivyo hivyo ilivyokuwa, sitaki mtu aniongezee.

Na hilo la pili, eti tulificha ng'ombe mgonjwa hotelini. Hebu kaa hapo.

Wakati ule nilikuwa nahudumu kwenye hoteli ya Mzee Kombo, pilau, supu, chapati, ng'ambo ya barabara tu kutoka kwa akina mama wa ndizi. Mzee Kombo ni mtu wa Mafia. Alinichukua sina kazi, sina hata kiatu cha kubadilisha, akanipa chumba na akanifundisha kupika chai ya maana, kwa hiyo mtu akimsema vibaya mzee yule mbele yangu tunashikana mashati, hilo Iringa nzima inalijua. Sasa mkewe, Bi Zuhura, Iringa ilimshinda. Baridi ile ya mwezi wa saba, mama wa watu kajifunga khanga nne na sweta la mumewe juu, kakaa jikoni karibu na moto, anasema, "Huku hata upepo haunuki kitu."

Mzee akamtengenezea bahari. Tangi la kioo, kalitia sebuleni nyuma ya hoteli, maji ya chumvi yenyewe yanaletwa na madereva wa malori kutoka Dar kwenye madumu, na samaki kwenye mifuko ya nailoni, wadogo hivi, rangi ya chungwa na mistari myeupe. Bi Zuhura akawa anakaa mbele ya tangi lile kama watu wanavyokaa mbele ya redio mpira ukitangazwa. Halafu siku wamekuja samaki wapya wawili, mimi (ndiyo, mimi) nikawamwaga moja kwa moja kwa wenzao. Kumbe wana ugonjwa. Vidoadoa vyeupe mwili mzima, utadhani wamenyunyiziwa sukari, na haikupita wiki wote wamekufa, wageni na wenyeji. Bi Zuhura hakugomba. Alikunja mkeka wake, akaufunga kamba, akauegemeza nyuma ya mlango, akamwambia mumewe, "Mwezi ukiisha narudi kwetu. Na msiniletee tena samaki wa kuja kunifia."

Mzee siku ile hakula.

Sasa mimi nikikosea sikai kimya. Shule niliishia la saba, lakini palikuwa na kitabu cha Kiingereza cha kufuga samaki ambacho baharia mmoja alimwachia mzee, na mimi nina kamusi yangu isiyo na jalada, basi nikakisoma neno moja moja kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, mpaka nikalifikia neno lenyewe. Kamusi ikasema: karantini. Yaani samaki mgeni hachanganywi. Anakaa tangi lake peke yake wiki tatu, unamchungulia, unambadilishia maji, unampa dawa, hata kama unamwona mzima, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa umejificha. Na dawa ni mrututu, ile ya bluu ambayo kwetu wanapulizia kahawa, lakini chembe tu, ukizidisha umewaua mwenyewe. Nikamwapia mzee: samaki wanne, siku ishirini na moja, halafu tunampelekea Bi Zuhura wakiwa wazima kabisa. Yeye asijue mpaka siku hiyo.

Tukaliweka tangi la pili stoo. Kwa vile Iringa ni friji, nililivika blanketi zito na kuwasha glopu nyekundu pembeni ili maji yapate joto. Hewa nilitumia tairi la ndani la lori, nalijaza kwa pampu ya baiskeli, halafu kampira kembamba kanaipeleka hewa majini taratibu, blu, blu, blu. (Hiyo haikuwa kitabuni. Hiyo ni akili yangu mimi, na nataka ijulikane.)

Siku ya kumi na tisa, Ijumaa, mzee kaenda msikitini, narudi stoo namkuta mpishi wetu kachovya kidole tangini. Kidole cha mafuta ya pilau! Nusura tuuane. Nilipomtoa, nikachukua ile chaki ya kuandikia vyakula vya leo, nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: KARANTINI. USIFUNGUE. Basi. Uamuzi wenyewe ndio huo, dakika moja, nikarudi kugawa supu.

Nilichosahau ni kwamba nchi ile watu wanafuga. Wewe taja karantini kwa wafugaji, mtu haendi kufungua kamusi. Karantini ni ng'ombe. Karantini ni homa, mnada umefungwa, nyama haitoki wala haiingii. Na siku ile meza nzima ya dirishani walikuwa wafugaji kutoka bonde la Usangu, wanakula nyama yetu. Mmoja akaenda uani kujisaidia, akapita mlango wa stoo, akarudi amebadilika sura.

"Nyie," akawaambia wenzake, "acheni kutafuna."

Nje akamsimulia Mama Sekalinga, muuza ndizi. Mama yule akaenda kuchungulia kwenye ufa wa mlango wa stoo, na aliyoyaona ni haya: kitu kimefunikwa blanketi, kuna mwanga mwekundu, na kinahema blu, blu, blu. Alitoka mbio mikono kichwani.

"Mwe! Iko ndani! Ndama imefunikwa blanketi, inahema kwa shida!"

Mimi nazunguka na masahani, sijui hili wala lile, nashangaa tu meza moja imenyamaza, ya pili imenyamaza, mara naona bwana mifugo anaingia, kumbe wamekwenda kumwita, mtu mwenye koti la kazi na bomba la dawa ya kupe mgongoni, na nyuma yake nusu ya soko.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza.

"Mgonjwa gani?"

"Aliyeko karantini."

Hapo ningesema samaki, yangeisha. Lakini Bi Zuhura yuko jikoni, hatua tano, na masikio yake nayajua. Siku kumi na tisa nimefunga mdomo, nije nitoboe siri zimebaki siku mbili? Kwa hiyo nikajibu (na mpaka leo sijui kichwa changu kilikuwa wapi), "Hawaumwi. Na tena siyo mmoja, wako wanne."

Watu wakapiga yowe. Bwana mifugo akashika mpini wa bomba. "Ninapulizia chumba kizima. Nipishe."

Ile dawa ikigusa maji, samaki wamekwisha, mkeka unapanda basi. Nikamrukia, nikamwambia maneno ambayo mbele yako siyarudii, nikaingia stoo nikajifungia kwa komeo. Nje wanagonga. Nikawachota samaki wote wanne na maji yao nikawatia kwenye ndoo, nikapanda juu ya gunia la mchele, nikafungua kidirisha kinachotazama barabara ya sokoni. Nikatanguliza ndoo, mkono, kichwa, kifua. Kiuno kikagoma.

Nilikuwa nimevaa suruali mpya ya bugaluu, ile pana chini, imenibana juu mpaka kukaa naomba ruhusa. Msumari ukaishika. Sasa naning'inia hivi, nusu ndani nusu nje, ndoo nimeishika kwa mikono miwili mbele ya soko zima, siwezi kuiachia, siwezi kurudi, na huko nyuma nasikia komeo limeng'oka. Bwana mifugo akakamata miguu.

"Rudi ndani!"

"Siachii!"

Akavuta. Bugaluu ikaenda naye. Mimi nikabaki.

"Jamani, kijani!" Mama Sekalinga akapiga kelele. (Unaona? Shahidi huyo.)

Soko lilicheka hadi ndizi zikadondoka. Na katikati ya kicheko kile namwona Bi Zuhura anakuja kando ya ukuta, na mwiko mkononi.

"Ambakisye, mwanangu, umebeba nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Akaipokea ndoo, akainama. Wale samaki wamezubaa humo, rangi ya chungwa inang'aa, hata doa moja hawana. Akachovya kidole, akakipeleka mdomoni, akafumba macho. Mimi nikakumbuka dawa.

"Usilambe, mama! Kuna mrututu!"

Sasa mtu aliyewahi kulima kahawa, neno mrututu analijua ni sumu. Mtu akapaza sauti, "Kuna sumu kwenye hoteli!" Wateja wakatoka na meza. Mfugaji mmoja kaingiza kidole kooni ajitapishe. Bi Zuhura anatema na kucheka kwa pamoja, mimi bado naning'inia, na Mzee Kombo ndiyo kwanza anatokea msikitini, kofia safi, uso wa amani. Akatazama soko. Akatazama dirisha.

"Ambakisye. Nimekuacha saa moja tu."

Walinichomoa kwa mafuta ya kula. Bwana mifugo akaja na bugaluu yangu begani, akachungulia ndoo, akanitazama.

"Hawa ndio wagonjwa?"

"Siyo wagonjwa! Wazima! Ndiyo maana wako karantini!"

Akafikiri kidogo, halafu akacheka hadi bomba likamteleza. "Ningekuwa na wafugaji watatu kama wewe, nisingekuwa na kazi." Kisha akakaa barazani, mbele ya wote, akala sahani mbili za pilau ili watu waone hafi mtu, na taratibu wakarudi, hata yule aliyejitapisha (huyo alirudi na njaa mpya).

Samaki, Bi Zuhura aliwarudisha tangini kwa mkono wake, akalifunika blanketi, na nilipomweleza hesabu yangu akaniambia zimebaki siku mbili na asionekane mtu wa kuzipunguza. Jioni nilipita pale sebuleni. Mkeka ulikuwa chini, umetandikwa mbele ya lile tangi kubwa, anasubiri.

Mimi jina langu ndiyo likafa siku ile. Mpaka stendi ya Mbeya, utingo ananiona kwa mbali anapiga kelele, "Karantini, ingia, twende Tukuyu!" Na nimeapa, chaki sishiki tena, na bugaluu inayobana sivai. Lakini we unayecheka hapo, mlango ni ule, mpishi hasikii, na mama unayemficha siri anajua kusoma: ungeandika nini?