Nyumba ya Mawe ya Mbweni

Nilikuwa bado mtoto, hata darasa la nne sijamaliza, baba mkubwa alipoandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yetu ya Mbweni: NYUMBA INAUZWA. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Wenye fedha wa mjini walikuwa wameanza kuja huko kwetu na magari yao kutafuta viwanja, na baadhi ya majirani walishauza wakahama.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene hata mtoto aliweza kujilaza dirishani. Bibi, mama yake baba mkubwa na baba yangu, aliolewa humo, akazaa humo, na humo ndimo alimofia mumewe. Alikuwa akituambia kwamba siku ya kuweka msingi alichinjwa mbuzi, kichwa chake kikazikwa chini ya kizingiti, na tangu hapo nyumba ilikuwa na mwenyewe, asiyeonekana. Mie kila nikiingia nilikuwa naruka kizingiti kile, nisikikanyage.

Mnunuzi alipopatikana, alizunguka nje tu. Ndani hakuingia. Alichotaka ni kiwanja, na wakakubaliana nyumba ibomolewe kwanza, boriti na milango vibaki vyetu.

Kuhusu kuuza, Bibi hakubisha. Alijua wanawe wana shida. Lakini jioni ile alimwita baba mkubwa barazani, nami nipo pembeni nachagua mchele.

"Mwanangu," alimwambia, "nyumba hii ilijengwa kwa kafara na haibomolewi bila kafara. Msipoitoa, itajichukulia yenyewe."

Baba mkubwa alikuwa mtu wa msikitini. Alimjibu kwa heshima kwamba huo ni ushirikina, hawezi kuufanya. Basi Bibi akamwomba jambo la pili: wangoje masika yaishe kuta zikauke, maana kwa chini zililowa na chokaa yake ilikuwa ikitoka kwa kidole. Hilo nalo halikuwezekana. Mnunuzi alikuwa na haraka.

Kazi ya kubomoa ilifanywa na kaka Idi, mtoto wa kwanza wa baba mkubwa, pamoja na vijana wenzake. Kaka Idi alikuwa mcheshi, akinibeba mabegani mpaka dukani, na alikuwa ameshaposa. Siku ya kwanza walitoa paa. Asubuhi iliyofuata baba mkubwa aliwaambia wachimbue ukuta kwa chini ili uanguke wenyewe, kazi iishe upesi.

Nilikuwa uani naosha vyombo. Kishindo hakikuwa kikubwa. Vumbi jeupe lilipanda, kisha nikasikia vijana wanaita jina la Idi, wanaita tena, naye haitiki. Walipomtoa alikuwa ametapakaa chokaa mwili mzima, nikadhani wamemtoa mtu mwingine.

Tulimzika alasiri ileile. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, baba mkubwa aliingia kwa jirani tulikohifadhiwa, akapiga magoti mbele ya Bibi.

"Mama, niambie," alisema. "Ni nyumba imemchukua, au ni mimi?"

Bibi akamwekea mkono kichwani.

"Ni nyumba, mwanangu. Wewe hukumuua."

Kiwanja kiliuzwa hata hivyo, baada ya arobaini. Tukahamia Kiwalani kwenye vyumba vya kupanga, na kwa miaka mingi niliogopa kila jengo la mawe, nikiamini kuna kitu ndani kinachongoja mtu.

Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, ndipo nilipoanza kuyafikiria yale mambo mawili ambayo Bibi aliyaomba barazani. Lile la kafara alilirudia mbele ya kila aliyekuja kutupa pole. Lile la kuta zilizolowa hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini. Sijui kama mwenyewe aliamini kwamba nyumba ilidai damu. Ninachojua ni kwamba mwanawe alimwuliza swali ambalo jibu lake lingemmaliza, naye akamchagulia jibu ambalo angeweza kuishi nalo. Baba mkubwa aliishi nalo mpaka uzeeni.

Bado nina jamaa Mbweni. Nikienda kuwaamkia, hakosi mtu wa kunikumbusha kwamba nyumba yetu ilikula mtu. Huwa naitikia kwa kichwa, basi.