Koti la Mtetea wa Shangazi

Shangazi alirudi kwa kaka yake, yaani baba yangu, na cherehani, masanduku mawili na mtetea mmoja mweupe. Ndoa ilikuwa imemshinda na hakutaka kuulizwa. Mama yangu alimpokea kwa tabasamu la meno tu, na tangu siku hiyo wifi hao wawili walisalimiana kama wanaotemeana mate.

Mtetea naye alipata mapokezi yake. Kuku wa mama, wakiongozwa na mweusi mnene tuliyemwita Bibi Mkubwa, walimdonoa mgeni mpaka mgongo ukabaki nyama tupu. Shangazi alimkuta amejibanza nyuma ya ndoo. Akamwosha kwa maji ya chumvi, akampaka dawa ya vidonda, akamlaza kwenye boksi chini ya cherehani.

"Wifi, chumba si banda," mama akamwambia, amejishika kiuno mlangoni. "Akipona arudi kwa wenzake. Wakimkataa tena, namtia sufuriani."

"Wenzake gani? Wale majambazi wako?"

"Majambazi walikuwepo hapa kabla yake."

Sasa, shangazi ni fundi wa nguo, na ugonjwa wa mafundi ni kudhani kila kitu kinashoneka. Badala ya kusubiri ngozi ifunge, akamshonea kuku koti. Na alilishona kweli: mikanda ya kupita chini ya mbawa, pindo safi, kifungo kimoja. Kitambaa akachagua mahameli nyekundu, ati ifiche damu. Hakujua kwamba kuku akiona chekundu hudonoa. Bibi Mkubwa alipouona mgongo ule alikuja mbio na jeshi lake lote, na shangazi akaingia bandani kwa magoti, akimtukana kuku matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimchukia mama yangu siku ile, na nalisema hilo bila kumung'unya maneno.

Shangazi hakulia. Alimtibu mtetea wake upya, akashona koti jingine la kijivu, kisha akamkamata Bibi Mkubwa na kumfunika chini ya tenga.

"Kaa humo peke yako, na wewe uone."

Mama alinuna, lakini wale wengine walipokosa kiongozi walipoa. Siku tenga lilipofunuliwa, Bibi Mkubwa alikuta nafasi yake imeshachukuliwa, akafyata mkia. Asubuhi moja mtetea mweupe, koti limevuliwa na manyoya mapya yanachomoza, alikula katikati ya kundi na hakuna aliyemgusa.

Uso wa shangazi ulikunjuka kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Umeona, wifi? Sufuria yako itasubiri."

"Nimeona. Huyo amepata nafasi." Mama akamgeukia baba. "Haya, mwambie."

Baba alikuwa anapiga kiatu rangi. Aliendelea kusugua hata pale palipokwisha kung'aa.

"Dada, tumeongea. Itabidi utafute chumba. Mwisho wa mwezi hivi."

Shangazi aliingia bandani kumchukua kuku wake, na kuku akamkwepa. Alimkimbiza huku na huku, gauni limejaa kinyesi, na kila aliponyoosha mkono, mtetea alijichimbia katikati ya walewale waliomchuna mgongo.

"Mwache huyo, wifi," mama akasema. "Yeye hapa ni kwao."