Globu ya Mama Shirima

Ipo siku moja, mwanangu Zuhura, ambayo nikiikumbuka hata leo mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa Ijumaa, zamani, mimi kijana wa nywele nyingi na maneno mengi, fundi umeme wa magari hapa hapa Gerezani, hatua chache kutoka mlango huu unaoufungua kila asubuhi. Sijawahi kukuhadithia. Mwanzoni nilisubiri ukue, na ulipokua nikaona aibu. Lakini leo mchana nimekusikia ukizungumza na yule mteja wa gari jeupe, nikaona kukaa kimya ni kosa la pili, ndipo nikaketi kukuandikia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kondo. Alikuja mjini kutoka Kilwa, mtu mfupi, mpole, asiye na cheti hata kimoja, na magari ya nusu ya Kariakoo yalikuwa yakimjua. Alitufundisha kwa masikio. Alikukalisha ndani ya gari, akakuambia ufumbe macho, usikilize injini mpaka uweze kusema inaumwa wapi. Mimi nilikuwa nasinzia, lakini nilijifunza hivyo hivyo.

Alikuwa na sheria moja ambayo gereji za jirani zilimcheka nayo. Chochote utakachokitoa kwenye gari la mtu, iwe plagi iliyoungua au kipande cha waya, unakifunga kwenye gazeti na kumkabidhi mwenyewe mkononi. Hakukubali kiwekwe kwenye buti wala kiachwe juu ya kiti. Wateja wengine walikipokea na kukitupa mtaroni pale pale, mbele yetu. Mzee hakujali, mradi kimepita mkononi mwao. Mimi niliona ni mambo ya kizee, na nilisema hivyo akiwa hayupo.

Miaka ile magari kutoka Japani yalikuwa ndiyo yanaanza kuja na kompyuta. Sisi tulizoea kabureta, kitu unachokifungua, unakipuliza, unakifunga. Ghafla tukakuta visanduku chini ya dashibodi, nyaya nyembamba kama uzi, na taa za njano ambazo hakuna aliyetufundisha maana yake. Mashine ya kuzisoma hatukuwa nayo. Mteja anakuja analalamika taa inawaka, wewe unakagua gari lote, huoni kitu, naye anakutazama kama mjinga. Hilo ndilo lililotuuma sisi vijana, kutazamwa vile.

Basi tukapata dawa. Unafungua dashibodi, unachomoa globu ya ile taa, unafunga. Tuliita kulaza taa. Mzee Kondo alipolisikia neno hilo alisema gereji yake hailazi kitu, na akatukataza. Lakini Ijumaa alikuwa anakwenda msikitini, na mimi, ambaye nilipaswa kwenda naye, siku ile nilijisingizia kichwa kinauma.

Ndipo akaja Mama Shirima. Alikuwa mama wa Kichaga mwenye duka la masufuria Mtaa wa Kongo, mchangamfu, mkali kwenye bei lakini mwepesi wa kucheka. Alikuwa amenunua gari lake la kwanza baada ya kuuza masufuria miaka mingi, na taa moja ya njano ya upande wa breki ilikuwa imemkosesha raha. Aliniambia anaendesha huku roho iko juu, mwendo wa kinyonga, kila gari linampita na kumpigia honi. Nikakagua breki kwa namna tuliyoijua: pedi nzima, mafuta ya breki yamejaa, anakanyaga na gari linasimama. Kwangu hiyo ilitosha. Nikamwambia ni usumbufu wa Wajapani tu, akanywe chai. Aliporudi, globu ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu.

Nikamwambia, "Gari imepona, mama."

Mwanangu, ungemwona alivyofurahi. Alinishika mabega yote mawili, akaniombea dua za kikwao, akaenda kuwaambia wenzake wa Mtaa wa Kongo kwamba kwa Mzee Kondo kuna kijana ana mkono wa kazi. Sikumwambia nimefanya nini. Na ile sheria ya gazeti niliikumbuka vizuri sana, usidhani nilisahau. Nilifikiria kumpa globu, nikafikiria atauliza ni ya nini, nikaiacha mfukoni.

Siku chache baadaye kulikuwa na msiba Magomeni, wa mfanyabiashara aliyefahamika na watu wote wa Kariakoo. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Mama Shirima alipita gereji, akamwona Mzee Kondo amesimama na mwavuli anasubiri usafiri, akamwambia apande, gari sasa limepona, wanafika mara moja. Mimi nilikuwepo. Niliwafungulia mlango mwenyewe.

Kwenye mteremko wa kushuka Jangwani, mkokoteni wa magunia ulikata barabara mbele yao. Mama Shirima akakanyaga breki kwa nguvu zote. Ile taa ya njano, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa inasema jambo moja tu: kile kifaa kinachozuia matairi yasijifunge kwenye utelezi hakifanyi kazi. Matairi yakajifunga, gari likateleza ubavu. Mwenye mkokoteni aliruka akaokoka, magunia yakamwagika, gari likaenda kugonga ukingo wa mtaro. Mama Shirima aliumia paji la uso. Mzee Kondo alikuwa ametanguliza mkono wa kulia kwenye dashibodi kujizuia, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Niliwakuta hospitali. Mama Shirima alikuwa amekaa kwenye benchi, kitambaa cheupe kichwani, viatu vimejaa tope. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kuelewa.

"Sele, si taa ilizimika? Mimi nilikwenda mwendo ule kwa sababu taa ilizimika."

Nakuomba uyasome maneno hayo mara mbili, Zuhura. Mama yule akiwa na taa yake inawaka alikuwa anaendesha polepole. Gari bovu na mtu mwenye hofu walikuwa wamepatana vizuri, wanafika. Mimi sikulitengeneza gari. Nilimwondolea yule mama hofu yake tu, nikamwachia ubovu wote. Mpaka leo nikisikia mtu anasema fundi ni kumridhisha mteja, nafikiria kile kitambaa cheupe.

Mzee Kondo alirudi gereji baada ya siku chache, mkono umefungwa plasta. Akaniita nyuma, pale tulipokuwa tunaweka betri mbovu. Nilitegemea matusi, na kwa kweli niliyataka. Yeye akaniuliza nilitoa nini kwenye gari la Mama Shirima. Nikasema globu. Akauliza iko wapi. Nikaitoa mfukoni, maana nilikuwa natembea nayo siku zote hizo, sikujua niitupe wapi.

"Kwa nini haikuwa mkononi mwake?" akaniuliza.

Niliitazama ile globu kwenye kiganja changu. Akasema kwa upole uleule wa siku zote, mvua ikidondoka juu ya mabati:

"Uliona aibu kumpa. Basi pale pale ulishajua. Mimi sikuweka ile sheria kwa ajili ya spea, Selemani. Niliiweka kwa ajili ya siku kama ile, utakapokuwa peke yako."

Akaniagiza nitafute gazeti, niifunge ile globu, niende nayo Mtaa wa Kongo nikamkabidhi mwenyewe na kumweleza. Nilimkuta dukani na wateja watatu. Nilieleza mbele yao wote, nikiangalia masufuria. Mama Shirima alifungua gazeti, akaitazama ile globu ndogo, ndogo kuliko punje ya hindi, halafu akairudisha mkononi mwangu. Akasema, "Kaa nayo wewe. Mimi nitakumbuka bila kuishika." Kisha akaendelea na mteja wake.

Gari lile tulilitengeneza baadaye. Mzee alikaa kwenye kigoda, akanionyesha mahali kwa kidole cha mkono wa kushoto, nikapiga magoti kwenye tairi la mbele, nikapapasa. Kulikuwa na waya mwembamba wa sensa, kile kipimo cha mzunguko wa tairi, uliosagwa na kukatika. Kuuunga kulichukua muda mfupi kuliko chai aliyokwenda kunywa Mama Shirima siku ile. Tukaweka globu mpya. Nilipowasha gari, taa ya njano iliwaka, ikakaa kidogo, ikazimika yenyewe, dalili kwamba safari hii gari ni zima kweli. Mzee akaniambia niwashe tena, na tena, nitazame. Nilitazama huku machozi yananitoka, wala sikuyaficha.

Vidole viwili vya Mzee Kondo havikunyooka tena. Hakuweza kushika waya mwembamba. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki, mimi nilikuwa mkono wake wa kulia, na hapa sisemi kwa kupamba maneno; yeye alielekeza, mimi nikashika. Nusu ya ufundi wangu niliupata kwa njia hiyo, na sijawahi kuufurahia bila kukumbuka ulikotoka.

Sasa tuje kwako. Magari unayotengeneza wewe mimi siyawezi. Juzi uliniwashia lile la umeme, nikafumba macho kama nilivyofundishwa, sikusikia kitu, nikadhani halijawaka. Kumbe limewaka, na likanisalimia Kijapani, nami kwa mazoea nikaitikia marahaba. Ulinicheka mpaka ukakaa chini. Unaniambia yako njiani magari yatakayojiendesha yenyewe kabisa, mtu amekaa nyuma anasoma gazeti, na mengine yatajifunza njia kwa kuulizana. Naamini. Nimeona mengi yakianza kama mzaha.

Lakini mteja wa leo simwoni kama mgeni. Nimemjua zamani sana. Amesema gari lake linafunga breki lenyewe kila mkokoteni ukipita mbele, kila mama mwenye beseni akikatiza Mtaa wa Kongo, na madereva wa nyuma wanamtukana. "Dada, we toa tu hicho kitu, kinanizingua," kakuambia. Na wewe umemjibu vizuri, kwamba kioo cha mbele kilibadilishwa mwezi uliopita, kamera iliyo nyuma ya kile kioo cha kati cha kutazamia nyuma inaangalia upande, inahitaji kupangwa upya sehemu pana iliyo tambarare, kazi ya nusu siku. Amecheka. Kasema mtaa wa pili kuna kijana anakizima kwa kompyuta kwa dakika kumi tu, na kwamba yeye kesho saa nne anakuja kulichukua gari lake.

Ukamwambia, "Sawa, tutaangalia."

Hiyo tutaangalia yako ndiyo iliyonitoa kwenye benchi langu. Naijua. Mimi niliisema kwa njia yangu ile Ijumaa, niliposingizia kichwa kinauma.

Si kwamba nakudharau, mwanangu. Najua unavyopigania jina hapa, msichana peke yako katikati ya wanaume wenye spana, kila mmoja anasubiri useme hapana ili aseme huwezi. Mimi pia kilichoniponza ni kutazamwa kama mjinga. Ila mimi sikujua ile taa inasema nini. Wewe unajua. Kosa langu lilikuwa la kijana asiyejua aliyeona aibu kuuliza. Lako, ukilifanya, halitakuwa na hata kisingizio hicho. Na pale Mtaa wa Kongo, anayepita mbele ya lile gari na beseni kichwani hajui kama lina jicho au halina. Yeye hakuulizwa.

Wala sikuambii mashine haikosei. Inakosea, na ile kamera sasa hivi inakosea kweli, inaona watu pasipo watu. Dawa yake ni kunyooshwa. Na siku mtakapokuwa na magari yanayojiendesha, msije mkayaamini mkaacha kutazama kwa macho yenu, maana yule mama alipoamini gari lake ndipo alipoacha kuogopa.

Kuna jambo moja limenikosesha usingizi wa mchana. Enzi zetu ukitoa kitu, kinabaki mkononi. Hata ukikificha, unakigusa. Ninyi mnazima kitu kwa kubofya, na mkononi hamna chochote, mfukoni hamna chochote, gari linaonekana lilelile. Hata dhambi yake haina uzito. Ndiyo maana nakupa nasaha hii, na nyingine zote unaweza kuzisahau: chochote utakachokizima kwenye gari la mtu, kiandike kwenye karatasi kwa Kiswahili kinachoeleweka, andika na kinachoweza kutokea, umpe mwenyewe mkononi. Ukiona mkono wako mzito kumpa, usikizime. Na kesho saa nne, mwambie yule bwana unahitaji gari mpaka jioni. Akiondoka, aondoke. Akibaki, mimi nitakwenda nawe kutafuta hiyo sehemu tambarare, nitakushikia hata kamba ya kupimia.

Globu ya Mama Shirima nimeiweka juu ya kompyuta yako, kwenye kipande cha gazeti la leo. Usiniulize kama bado inawaka, sijawahi kuijaribu. Mungu akupe mikono myepesi na maisha marefu, awalinde wote watakaopita mbele ya magari uliyoyashika, na akujalie kila jioni ufunge mlango huu ukiwa huna kitu cha mtu mfukoni.