Samaki ine

Siye watoto wa wakati wa makuta, ile pesa ya zamani, pesa tuliijulia ku harufu ya samaki. Wenzangu muliozeeka hapa Bunia munajua. Siku ya tano jioni lori ilikuwa inapandaka ule mulima wa kutoka ku ziwa, na mama yangu anashuka mu soko na vitunga vyake vya samaki ya Tchomia, ile ya kukaushwa na moshi. Nywele yake inanuka moshi, kikwembe inanuka moshi, hata sala ya jioni mu nyumba yetu ilinukaka moshi. Asubuhi, baridi ya Bunia inakata, vumbi nyekundu bado imelala, siye watoto tuko ndani ya blanketi moja tunasikiliza mama anapanga: kubwa huku, ndogo huku, za kuvunjika pembeni.

Sasa, kila siku ya posho, ile wengine wanaita Jumamosi, mama alimupatiaka kila mutoto samaki moja. Si ya nyumba. Ni yako. Uiuze, uikule, uitupe, yeye hasemi. Alisemaka neno moja tu: «Ukikula, umekula. Usirudi kwangu.» Na ukirudi kweli, anakuangalia sawa mutu asiyekujua. Nilishalala njaa ya kutamani mara mingi, juu ya kukula samaki asubuhi na kuona mwenzangu jioni ananunua mikate ya moto yenye mafuta inamwangukia ku kidevu.

Tukimaliza kuuza tulichezaka nzango mu njia, tunapiga makofi, tunarusha miguu mpaka magoti inakuwa nyekundu ya vumbi. Leo watoto wanacheza na kidole moja juu ya telefone, matako imekaa. Ukiwatuma chumvi wanakuuliza kama duka iko mbali.

Mama zetu ku soko walikuwa na likelemba: kila mumoja anatoa kidogo, yote inamwendea mumoja, kisha zamu ya mwingine. Na siye tukaiga. Tulikuwa wasichana watatu: mimi, dada yangu mukubwa, na Odette wa parseli ya nyuma ya nyumba yetu. Odette hakuwa na mama. Mama yangu alimupatia samaki yake sawa siye. Tukapatana hivi: posho ine tunaweka, mumoja anabeba yote. Mwezi wa kwanza wangu, wa pili wa dada, wa tatu wa Odette.

Odette ndiye alichagua wa mwisho. Mwezi ule ulimalizika wakati shule inaandika watoto, na baba yake alikuwa amesema wazi, mbele ya watu: «Mutoto mwanamuke akitaka shule, pesa ya minerval atajitafutia.» Kwa hiyo ile likelemba ilikuwa shule yake. Tulijua wote. Nilijua mimi. Ninaandika hivyo ili mutu asinitetee.

Mwezi wangu nilibeba, nikanunua viatu ya plastiki, rangi ya waridi, yenye kutoboka matundu juu. Nilitembea nayo mu njia yote ya kanisa, nikiangalia chini tu. Mwezi wa dada niliweka posho zote ine. Mwezi wa Odette ukafika. Posho ya kwanza samaki yangu ilikuwa nene, mafuta inatoka ku mbavu. Nikaingia nyuma ya jiko, nikaikula na bugali ya baridi. Nikamwambia Odette, «Nitaweka mbili posho inayokuja.» Inayokuja, nikakula tena. Nilikuwa nimeshavaa viatu yangu, munaelewa? Mutu aliyekwisha kubeba, mukono wake unakuwa muzito. Ya tatu nikakula. Ya ine sikuwa hata na njaa.

Odette akaja na kopo yake, akaitikisa ku sikio yangu. Ilikuwa inalia kidogo, pesa yake na ya dada. Akaniuliza, «Ilikuwa tamu?» Hakulia. Akarudi kwao.

Dada yangu akasema kwa mama. Nilingoja fimbo, na ningeishukuru. Mama hakunipiga. Siku ya kuandika watoto alitoa pesa ya minerval yangu mu kopo ya maziwa, akanishika mukono huu, akamushika Odette mukono ule, tukaenda kwa masere, watawa wenye shule. Sere mwalimu akafungua kitabu. Mama akasema, «Andika Odette.» Sere akauliza, «Na huyu wako?» Mama akajibu, «Huyu alikwisha kukula shule yake. Samaki ine.»

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa ine. Njo hapo nilibaki mpaka leo, na haya maandiko munasoma ni ya mwaka wa ine. Tulipotoka pale mama aliniambia, «Vaa viatu yako, twende ku soko.» Nikabeba kitunga. Mbele ya mvua kurudi, viatu ilikuwa haiingii tena mu miguu.

Miaka mingi nilimuchukia mama yangu. Odette alisoma, akakuwa muzalishaji wa wamama, na watoto yangu sita wote walifikia mu mikono yake. Wa ine alikuja ametanguliza miguu. Odette alimugeuza, akamutoa muzima, na jasho yake ikaniangukia ku uso. Kisha akaniambia, «Hii njo samaki yako. Deni yetu imeisha.» Tukacheka mimi nikiwa ndani ya damu. Vita ilipoingia mu mutaa yetu, yeye hakukimbia, juu ya mwanamuke aliyekuwa mu uchungu wa kuzaa. Tuliwakuta wote wawili pamoja, wameuawa.

Yule mutoto wa kugeuzwa njo mama ya Grâce, mujukuu yangu. Mama yake iko Mongbwalu, ku machimbo ya zahabu, anatafuta maisha. Grâce ni mimi ninamulea, na minerval ni mimi. Mutoto ana akili, Mungu aliye juu anaona. Anasoma Kifaransa kama maji. Mwaka huu nilitaka kumufundisha sawa nilivyofundishwa. Kila posho nilimupatia mikate kumi ya kuuza. Nilimupatia vilevile mutoto wa jirani, na Neema, yule wa watu waliokimbia kutoka upande wa Djugu, wanaopanga chumba mu parseli yangu. Watatu wakafanya likelemba. Nikafurahi, muzee mjinga.

Grâce alibeba wa kwanza, akasuka meshi, nywele ya kununua, mpaka kiunoni. Neema alichagua wa mwisho. Munajua juu ya nini. Na mwezi wa Neema ulipofika, Grâce akakula mikate, na pesa ya ile aliyouza akanunua mega ya intaneti ya telefone. Neema alikuja kusimama mbele ya mulango yangu na kifuko yake ya plastiki. Sikuhitaji aitikise.

Pesa ya minerval nilikuwa nayo, ya mutoto mumoja tu, imefungwa mu kona ya kikwembe, dola safi bila mupasuko, maana yenye kupasuka kidogo hakuna anayeipokea hapa. Usingizi ulinikosa. Asubuhi nikamwita Grâce, nikamwelezea yote haya: samaki, viatu, Odette, mama yake aliyetanguliza miguu. Alisikia mpaka mwisho, machozi ikamutoka, nikasema ndani yangu: imeingia. Nikamuwekea pesa mu mukono. «Peleka. Jina ya kuandikisha, utachagua weye.»

Alirudi saa sita na karatasi. Kusoma jina ninajua. Ilikuwa jina yake.

Nikamuuliza, «Grâce?» Akajibu pole pole, bila dharau, «Koko, si weye ulisema nichague? Mama yako hakumuulizaka mutoto.»

Alisema kweli. Mama yangu alibeba ile kazi mbaya yeye mwenyewe, akachukiwa na binti yake miaka makumi. Mimi niliogopa kuchukiwa, nikaitua ku kichwa ya mutoto wa miaka kumi na mbili. Watu wanasema watoto wa leo wameharibika. Mimi nilikula samaki ine, sitasema hivyo. Watoto ni wale wale. Ni siye wakubwa tumepungua.

Neema sasa anauza maji ya vifuko mbele ya kibaraza yangu. Grâce anapita na shati nyeupe, Neema anamwita, «Mama mwanafunzi, hununui hata moja?» Grâce anacheka kidogo, anaharakisha. Mimi ninatoka, ninanunua mbili. Kiu sina. Ninakunywa yote mbele yake, na yeye ananishukuru.