Nyuzi kumi na tisa za msitu ulioungua

Saa kumi na mbili asubuhi, na msitu hauna rangi. Miti imesimama myeusi, ardhi ni ya kijivu, na ukungu unaopanda kutoka bondeni nao ni wa kijivu, hata mtu hajui ardhi inaishia wapi. Katikati ya hayo yote mwanamume mmoja mwembamba amepiga magoti, pua karibu na majivu, kama aliyedondosha sindano.

Anatoa uzi mwekundu mfukoni, anaulaza juu ya unyayo wa kulungu, anafunga fundo pale upana wa kwato unapoishia.

"Huyu jike," anasema bila kuinua kichwa. "Jana alipita hapa ana haraka. Leo amepita ameshiba."

Jina lake halisi halitumiwi na mtu. Wanamwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno analowaambia wawindaji wote anaowatangulia porini, na kwa kuwa anatembea kana kwamba dunia imelala na yeye hataki kuwa wa kuiamsha. Ana miaka hamsini na minane. Thelathini kati ya hiyo ameitumia kufuata nyayo, na hajawahi kumiliki bunduki. Kazi yake ni kumwonyesha mwenye kibali mnyama alipo, kisha kuziba masikio.

Wiki tano zilizopita moto uliteketeza nusu ya msitu huu kwa siku nne. Ofisi ya wanyamapori imempa Taratibu hadi Ijumaa awe amehesabu kulungu waliobaki. Wakifika arobaini, msimu wa kuwinda utafunguliwa. Wasipofika, hakuna kibali kwa yeyote, na miezi mitatu inayolisha nyumba yake mwaka mzima itapita yeye akiwa amekaa barazani.

Kwa macho ya mpita njia, jibu liko wazi. Kulungu ni tele. Moto ulipozimika walirudi kwanza kulamba majivu, maana yana chumvi. Mvua ya kwanza ikaleta majani mabichi, laini, na wakajazana bondeni kuyafuata. Vichaka vya kujifichia havipo tena, kwa hiyo wanasimama peupe mchana kweupe, masikio juu, wakishtuka kila tawi linapokatika. Ukiwatazama kwa mbali kwenye ukungu wanaonekana kama vivuli vilivyosahauliwa na wenyewe.

"Sitini hawapungui, nimewaona kwa macho yangu," anasema mwenyekiti wa chama cha wawindaji, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye dada yake ndiye mke wa Taratibu. "Sasa shemeji anawapima miguu kama anataka kuwanunulia viatu."

Taratibu hucheka kila akiusikia utani huo. Kisha huinamia tena uzi wake, na ana sababu.

Miaka tisa iliyopita moto kama huu ulipita, na ni yeye aliyehesabu. Alikaa bonde hili hili, akahesabu nyayo, akaandika sabini. Msimu ukafunguliwa. Kulungu waliokuwa peupe waliangushwa ndani ya wiki moja, na wawindaji wakamsifu hadi akaona haya.

"Nyayo nilizihesabu vizuri tu," anasema. "Nilichokosea ni kudhani walikuwa wa bonde hili peke yake, na kwingine wapo wengine. Kumbe ndio hao hao wa msitu mzima, wamekuja kwenye majani. Na wengine niliwahesabu mara tatu, maana walikuwa wanazunguka. Niliwapeleka watu kwenye akiba yote."

Kwa miaka miwili iliyofuata aliwatangulia wawindaji kwenye msitu mtupu. Anasema aliionea aibu hata miti.

Ndiyo maana safari hii, kila jioni, anachukua tawi lenye majani na kufagia majivu ya njia zote ziingiazo bondeni, hadi yalale kama shuka iliyopigwa pasi. Asubuhi anasoma kilichoandikwa. Kila kwato ina uzi wake: mwekundu wa jike, wa buluu wa dume.

Nyuzi zinatoka kwa mkewe, fundi cherehani. Zikirudi na mafundo zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya cherehani yake, na kila mchana, kazi ikipungua, mama huyu anazinyoosha mojamoja juu ya futi yake ya kupimia. Zinazolingana mafundo anazirudisha kwa mumewe wazijadili: ni kulungu wawili, au ni mmoja mzururaji? Zilipofika hamsini na mbili nyumba ilichangamka. Alipomaliza kuzilinganisha zilibaki kumi na tisa.

Mama huyu aliulizwa kama haogopi. Alisimamisha mguu kwenye cherehani.

"Naogopa. Kaka yangu ataninunia, na tutakula ninachoshona. Lakini ile miaka miwili, mume wangu alikuwa anaota anatembea kwenye majivu, akigeuka nyuma haoni nyayo zake mwenyewe. Alikuwa anaamka ananiuliza kama yupo. Sitaki aniulize tena."

Alhamisi alfajiri, siku ya mwisho ya kusoma, Taratibu anafika kwenye njia ya kijito na kusimama. Unyayo wa jike mwenye kwato iliyopasuka anaujua, ni uzi wake wa nne. Pembeni yake, safari hii, kuna vinyayo vingine, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba, vikienda kombo, vikirudi, vikijikanyaga.

Anakaa chini kwenye majivu, bila kujali suruali yake safi. Anakaa muda mrefu, akitabasamu peke yake.

Ijumaa anaandika kumi na tisa. Afisa anamuuliza kama anaelewa maana yake kwake yeye mwenyewe. Anajibu kwamba anaelewa. Nje shemeji yake anamsubiri, na leo hana utani.

"Una uhakika?"

"Safari hii ninao."

Mwenyekiti anatazama chini, kisha anasema atawaambia wenzake, na kwamba watakasirika. Anamshika shemeji yake bega kabla ya kuondoka.

Taratibu anakadiria miaka mitatu kabla ya bunduki kusikika tena hapa. Mpaka wakati huo ataendelea kufagia na kusoma, alipwe asilipwe. Kwenye mfuko wa shati ana uzi mweupe ambao hakuuorodhesha popote. Hauna fundo.

"Huyu mdogo bado anakua," anasema, akiurudisha mfukoni. "Nitamfungia fundo lake akisimama vizuri."

Kisha anachukua tawi lake na kurudi kinyumenyume, akifuta nyayo zake mwenyewe, ili kesho asubuhi njia iwe ya wenyewe.