Majibu ya Katikati

Dada yangu mkubwa aliulizwa maswali sitini kwenye fomu, na yote sitini akayajibu katikati. Unapenda kuwa na watu au peke yako? Katikati. Unaamua kwa kichwa au kwa moyo? Katikati. Mwalimu wa semina, mgeni aliyeletwa Kindu na shirika lililotafuta wahamasishaji wa afya, aliigeuza fomu mara mbili kama vile majibu ya kweli yamejificha nyuma.

"Huyu hana aina," aliniambia. "Hajijui. Hatuwezi kumtuma kule Pangi akaongee na akina mama."

Dada alikuwa akiongea na akina mama wa mtaa wetu kwa miaka, bure. Kazi hiyo aliitaka kuliko kitu chochote, na mimi ndiye niliyemsukuma aiombe. Mimi pia ndiye niliyemjumlishia mwalimu majibu. Nilisomea saikolojia, nikakubali kuwapanga watu wa mji wangu katika aina kumi na sita: huyu akili yake inaanzia ndani, yule nje, huyu anapima, yule anahisi.

Nilirudi nyumbani na hasira, na kwanza ilikuwa juu yake. Nilimkuta anaponda majani ya muhogo, sombe, kwa jiwe. Hatwangi kwenye kinu kama wengine.

"Yaya," nilimwita kama tunavyowaita dada wakubwa, nikamuuliza sababu, "juu ya nini umeweka zote katikati?"

"Nani aliuliza?"

"Fomu."

"Fomu haiulizi, mudogo. Kuna muntu nyuma yake. Unamujua?"

"Ni maswali ya tabia tu. Hakuna jibu baya."

Alicheka. "Hivyo njo walikuwa wanasema kwenye kizuizi."

Wakati wa vita nilikuwa na miaka minne, mgongoni mwake. Yeye alikuwa na kumi na miwili. Kizuizi kilikuwa kwenye njia ya Kalima, na kundi lenye bunduki pale lilibadilika kila mara. Jirani yetu, aliyetangulia mbele yetu, aliulizwa anawapenda akina nani. Akawataja wa wiki iliyopita. Dada alipita juu ya damu yake, akaulizwa swali lile lile, akajibu: "Miye nakwenda kuchuma majani tu." Tukapita. Porini tulikojificha kutwanga kulikatazwa, maana sauti ya kinu ilifika mbali.

Vitabu vyangu vilidai kwamba mtu huzaliwa na njia yake ya kufikiri, na maswali huifunua. Nani kati ya walioviandika aliwahi kuulizwa swali ambalo jibu lake linaua? Nilimwambia dada hayo yote kwa sauti kubwa. Nikamwonyesha na lile jiwe, nikamwambia vita vilimtengeneza hivi.

"Usinitie kwenye sanduku lako na wewe," alisema. "Sombe ya jiwe ni tamu. Kula, nyamaza."

Sikujua kama alisema kweli. Mpaka leo sijui, na hilo linanichoma vilevile.

Asubuhi tulikwenda wote wawili kwa mwalimu. Nilieleza habari ya kizuizi. Alinisikiliza kwa adabu, akatoa fomu mpya. "Mama, safari hii ujibu kwa ukweli."

Dada aliirudisha fomu upande wa mwalimu. "Jaza wewe kwanza, nikuangalie. Nikikujua, nitajaza."

Mwalimu alishika kalamu. Alisoma swali la kwanza, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Kalamu ilikaa juu ya karatasi bila kuandika.

"Hii haikutengenezwa kujazwa mbele ya watu," alisema mwishowe.

"Basi miye na wewe tuko aina moja," dada akajibu, akainuka.

Nilidhani hilo lingetosha. Mchana ule ule mwalimu aliandika karibu na jina la dada "haeleweki", kisha akanipa majina mengine nijumlishe. Nilimwachia majina na kalkuleta yake mezani, nikaondoka. Kazi ya Pangi alipewa kijana mwenye aina safi kabisa, na kabla ya kuondoka alikuja nyumbani kumwomba dada amfundishe namna ya kuanza mazungumzo na akina mama.

Dada alimfundisha. Mimi nilitoka nje.